Shangazi Kwenye Mteremko

Stata ilizunguka kwa nguvu zote, betri ilikuwa nzima, na basi halikuwaka. Kapteni aliachia ufunguo, akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi, akajaribu tena. Injini ilizunguka na kuzunguka, lakini bomba la nyuma halikutoa hata uzi wa moshi. Lingetoa moshi, hata mweupe wa kuudhi, mtu angejua dizeli inafika. Halikutoa kitu.

Mkewe alikuwa kwenye kiti cha nyuma kabisa, roho mkononi. Hapo ndipo alipokaa siku zote, maana basi hili injini yake ilikuwa nyuma, na watoto watundu nao hupenda kukaa nyuma, basi akavichunga vyote viwili kwa pamoja. Wanafunzi walimwita Mama Kiti, kwa kuwa neno alilolisema kuliko yote lilikuwa "Kiti! Kaa kwenye kiti!" Basi lenyewe walilibandika jina la Shangazi kwa jinsi lilivyokohoa kila asubuhi kabla ya kuanza safari. Sasa hivi Shangazi hakuwa anakohoa. Alikuwa amenuna.

"Kapteni, tusukume?" waosha magari waliuliza kutoka kwenye mapipa yao ya maji.

"Ngojeni kwanza."

"Tunangoja tangu Jumanne!"

Walicheka, na Kapteni akajitia hamnazo. Alikuwa na silaha yake. Kwa wiki mbili sasa alikuwa analiegesha basi kwenye mteremko huu wa kando ya waosha magari, pua ikitazama chini, ili likigoma liserereke lenyewe na kuwaka. Aliachia breki. Shangazi akaanza kushuka polepole, kisha kwa kasi, na Kapteni akatia gia, akaachia klachi. Basi lilishtuka na kutetemeka mpaka madirisha yakalia. Mama Kiti alifumba macho akisikiliza chini ya makalio yake, akiomba hata mlipuko mmoja. Mteremko ukaisha. Basi likasimama kwenye mtaro, kimya, na saa ilikuwa kumi na mbili na robo.

Ilibidi Kapteni ashuke na spana. Alifungua mlango wa injini, akalegeza skrubu ya kutoa hewa kwenye njia ya dizeli, akaanza kupampu dizeli kwa mkono. Povu likatoka, jeupe, likichuruzika kwenye vidole vyake. Akapampu mpaka bega likamfa ganzi, na povu bado linatoka. Watu waliokuwa wakienda kazini walisimama kumtazama, maana mtu anayehangaika na gari ni sinema isiyo na kiingilio. Baada ya dakika ishirini na tano povu lilipungua, Shangazi akapiga chafya, akaitikia, na mtaa mzima ukajaa moshi.

Watoto walikuwa wamesimama barabarani karibu saa nzima. Wengine walikuwa wamekwisha kula chakula chao cha mchana.

*

Mwalimu Mkuu alikuwa getini, mikono nyuma. Hakuwa mtu wa kupiga kelele, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa.

"Kapteni, hii ni mara ya ngapi?"

"Ya pili wiki hii, Mwalimu."

"Ya tatu. Jumanne uliniambia ni foleni."

Watoto waliokuwa wakishuka walicheka. Mmoja akasema kwa sauti, "Haikuwa foleni, Mwalimu, tulisukumwa!" Mama Kiti akamsukuma mabegani aende darasani, uso ukimuwaka.

"Unaona?" Mwalimu Mkuu aliendelea. "Mimi gari kuharibika naweza kuwaeleza wazazi. Foleni isiyokuwepo siwezi, kwa sababu wao wenyewe walikuwa barabarani. Sasa nisikilize. Jumatatu, saa moja na nusu, nitakuwa hapa. Saa moja na nusu ikipita hujaingia, jioni usihangaike kuja kuwachukua. Yupo mtu mwenye mabasi mapya, kila wiki yuko ofisini kwangu."

"Hatutachelewa, Mwalimu."

"Sitaki ahadi. Nataka basi."

Basi hilo na shule hiyo ndiyo yalikuwa maisha yao. Hawakuwa na shamba wala duka, na Shangazi kwa uzee wake asingepata kazi nyingine, si kwa rangi ile iliyobanduka wala kwa viti vile vilivyoshonwa kwa mkono. Mama Kiti ndiye aliyevishona. Walirudi barabarani, yeye bado amekaa nyuma ingawa basi lilikuwa tupu, na kwenye kioo aliona jinsi mumewe alivyokaza taya. Aliijua taya hiyo. Haikuwahi kumletea mtu heri.

Hawakwenda nyumbani. Walikwenda gereji.

*

Fundi alikuwa chini ya lori, miguu tu nje. Alikuwa mdogo wake Kapteni, wa tumbo moja, na alikuwa na desturi yake iliyomfanya ajulikane: kila alichokitoa kwenye gari, hata nati iliyoliwa, hukitia kwenye mfuko na kumkabidhi mwenye gari mkononi. Wenzake walimcheka kwamba anagawa takataka. Yeye husema kazi haijaisha mpaka mwenye gari ashike kilichotoka.

"Toka chini ya hilo lori!"

Fundi alijiburuta kwa mgongo, akasimama, akajipangusa. "Shikamoo, kaka."

"Shikamoo yako kaa nayo. Pampu yangu iko wapi?"

"Si iko kwenye basi lako?"

"Iliyoko kwenye basi langu inavuta hewa. Povu tupu! Wewe ndiye uliyeifungua mwezi uliopita. Nilikuletea pampu nzima, ukanirudishia mkweche. Ile yangu umemuuzia nani?"

Palikuwa na wateja watano kwenye benchi la mbao. Wote waliacha simu zao.

"Kaka," Fundi alisema kwa sauti ya chini, "mipira niliyotoa na springi mbili nilikukabidhi mwenyewe. Ulivitia kwenye mfuko wa koti."

"Takataka! Nani anajua ulizitoa wapi?" Kapteni alimshika shati kifuani, akalikunja ngumi. "Mwizi wa nje namwelewa. Mwizi wa kunyonya ziwa nililonyonya mimi, huyo sina jina lake!"

Fundi hakuutoa ule mkono. Alimtazama tu kaka yake, kisha akatupa jicho kwa shemeji yake aliyesimama mlangoni mwa basi. Mama Kiti alitaka kusema kitu. Alitaka kusema kwamba Shangazi alitoka gereji ile mwezi uliopita akiwaka kwa mguso mmoja, na kwamba alikaa hivyo siku kumi nzima. Lakini kumkosoa mume mbele ya watu watano kwenye benchi ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na ulimi ukamwia mzito. Aliona haya, akatazama chini.

Kapteni alimwachia. Mteja mmoja mwenye gari jeupe aliinuka, akachukua ufunguo wake mezani kama mtu aliyekumbuka jambo.

"Fundi, nitapita wiki ijayo," alisema. Hakusema ni wiki ijayo ipi.

*

Jioni hiyo mvua ilinyesha, na walipofika kwenye mteremko wakakuta lori la maji limejipachika pale kwa usiku mzima. Kapteni alitukana, akapiga honi, mwishowe akaliegesha basi nyuma ya nyumba, kwenye tambarare, kando ya ukuta wa jirani. Alilala akigeukageuka. Mama Kiti naye hakulala. Alikuwa akiwaza Shangazi kwenye baridi ile na maji yale, na akiona watoto wamepanga mstari barabarani.

Asubuhi palikuwa na baridi ya kung'ata meno. Kapteni alizungusha ufunguo mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kikohozi. Mara ya tatu Shangazi akanguruma, na kuku wa jirani wakaruka ukuta.

"Umeona?" Kapteni alipiga kelele kutoka mbele. "Nimemtisha yule mwizi, na pampu imesikia!"

Alicheka, ikawa mara ya kwanza kucheka wiki hiyo, na Mama Kiti akacheka naye, lakini kuna kitu hakikumkaa sawa. Siku zote mumewe alisema ni baridi. Leo baridi ilikuwa kali kuliko juzi na jana. Na mchana shuleni, basi linapokaa kwa muda wa saa sita kwenye uwanja uliosawazishwa, halikuwahi kugoma hata siku moja.

Ijumaa jioni lori la maji lilikuwa limeondoka. Kapteni akalirudisha basi mteremkoni, pua chini.

"Kwa nini usiliache kule nyuma?" mkewe aliuliza. "Jana limelala kule, leo limewaka."

"Na likigoma kule? Utalisukuma wewe na kuku wa jirani?"

"Mimi nasema tu."

"Basi sema ukiwa umekaa kwenye kiti," alijibu, na akajiona amechekesha.

Jumamosi asubuhi alilijaribu kabla ya kutoka. Stata ilizunguka kwa nguvu zote. Betri ilikuwa nzima. Bomba halikutoa hata uzi wa moshi. Kapteni aliinamisha paji la uso kwenye usukani, akakaa hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mkewe alimwonea huruma kweli, huruma ya kumuuma.

"Nakwenda kutafuta basi la kuazima," alisema hatimaye. "La Jumatatu tu. Kuna wenzangu hawawezi kunikatalia."

Aliondoka kwa miguu, akiwa amevaa shati lake la heshima.

*

Benchi la gereji lilikuwa tupu. Fundi alikuwa ameketi juu ya tairi, akisafisha spana ambazo zilikuwa safi.

"Karibu, shemeji. Umekuja kunishika shati na wewe? Hili ni jingine, lile lilichanika."

"Shemeji, nisamehe. Juzi nilipaswa kusema neno."

"Neno gani? Kaa."

Alikaa juu ya tairi jingine, akamweleza yote jinsi alivyoyaona: kwenye tambarare linawaka, mteremkoni linagoma, iwe mvua, iwe baridi. Fundi aliacha kusugua spana.

"Mnalilaza wapi?"

"Kando ya waosha magari. Pua chini, ili liserereke."

"Pua chini." Fundi alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, tabasamu chungu. "Shemeji, injini ya Shangazi iko wapi?"

"Nyuma. Si naikalia kila siku?"

"Na tanki?"

"Mbele, karibu na mlango wa dereva."

"Sasa ukiinamisha pua, nani yuko juu, nani yuko chini?"

Mama Kiti alinyoosha kiganja, akakiinamisha, akakitazama. "Injini iko juu. Tanki liko chini."

"Dizeli ni maji, shemeji, inakwenda kunakoshuka. Bomba likiwa zima hairudi, hata ukilisimamisha basi kwa pua, kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Lakini pakiwa na upenyo kidogo tu, usiku kucha hewa inaingia na dizeli inarudi zake tankini. Asubuhi injini inanyonya upepo. Kaka anadhani mteremko unamwokoa, kumbe ndio unaommaliza."

"Na huo upenyo uko wapi? Kwenye pampu?"

Fundi aliinuka, akatafuta kwenye kopo la mabaki, akarudi na kipande cha bomba la mpira mweupe wa kuonyesha ndani, urefu wa kiganja, na vibano viwili.

"Mimi gari la kaka yangu siligusi tena. Nikiligusa likapona, atasema nimerudisha nilichoiba. Lakini wewe hakuna wa kukuita mwizi. Fungua bomba linalotoka kwenye chujio la dizeli kwenda kwenye pampu, tia hiki katikati, ubane. Kisha pampu kwa mkono utazame. Dizeli ikipita humu safi, hewa inaingilia kwenye pampu, na mimi ndiye mwizi. Ukiona povu humu, hewa imeingia kabla ya kufika kwenye pampu yangu. Na kabla ya pampu kuna nini?"

"Chujio."

"Nani alikuwa mtu wa mwisho kugusa chujio?"

Mama Kiti aliikumbuka siku hiyo vizuri. Wiki mbili na siku chache zilizopita, kwenye kituo cha mafuta, Kapteni alinunua chujio jipya, akavua saa, akalibadilisha mwenyewe palepale huku magari ya nyuma yakimpigia honi. Kazi ya kitoto, alisema, kwa nini nimpelekee yule anichaji. Chujio la zamani alilirusha kwenye pipa bila kulitazama.

"Wewe ulijua," alisema polepole. "Juzi, alipokushika shati, ulishajua."

"Aliposema povu nilijua. Chujio nilimwambia alibadilishe, na kwangu hakuja."

"Na ukanyamaza!"

"Ningesema 'ni mkono wako mwenyewe, kaka,' wale watano wangesikia mwizi anajitetea." Fundi aliokota spana yake. "Ukiona kitu huko, usikitupe. Mpe mwenye gari."

*

Alifunga kanga kiunoni, akalala chali kwenye gunia nyuma ya Shangazi. Waosha magari walimuuliza kama amebadili kazi, naye akawajibu kwamba wao wanaosha nje na yeye anaosha ndani, wakamwacha. Kibano cha kwanza kilimchubua kidole, cha pili kikaanguka kwenye udongo ikabidi akisugue. Mpira mweupe ukakaa. Akashika pampu ya mkono, akaanza: mara moja, mara mbili, mara kumi.

Kwenye ule mpira palipita kitu cha rangi ya chai, kisha kitu cheupe. Povu. Viputo vya hewa vilifuatana, vidogo kwa vikubwa, vikikimbilia kwenye pampu. Alipampu tena, na tena vikaja. Mama Kiti alikitazama kipande kile cha mpira, akasikia machozi yakimjaa, na hakujua anamlilia nani kati ya wale ndugu wawili.

Chujio lilikuwa kopo la chuma linalofunguliwa kwa kuzungushwa, na kopo lenyewe liligoma. Alivua mkanda wa mkoba wake, akalizungushia mara mbili, akavuta kwa uzito wake wote mpaka likalegea. Dizeli ilimwagikia kwenye mkono hadi kwapani. Juu ya kopo palikuwa na pete ya mpira ya kuzuia hewa, mpya, nyeusi inayong'aa, lakini imekaa upande. Aliitazama, haikuwa na kasoro nyingine. Kisha akapitisha kidole kule juu, mahali kopo linapokaa, na kidole kikakutana na kitu kilichopaswa kuwa chuma lakini hakikuwa chuma.

Alikikwangua kwa ukucha, halafu kwa ncha ya kijiko. Kilitoka chote kwa mara moja: pete nyingine ya mpira, ya zamani, ngumu, imelala bapa. Chujio la zamani lilikwenda kwenye pipa, lakini pete yake ilibaki imeng'ang'ania pale juu. Mumewe hakupitisha kidole. Alikaza pete juu ya pete, akavaa saa yake, akaondoka. Na kwa ajili ya pete hiyo watoto walikula chakula cha mchana barabarani saa moja asubuhi, na mtu akaitwa mwizi mbele ya watu watano.

Alipangusa mahali pale, akaipaka pete mpya dizeli kwa kidole, akalirudisha kopo na kulikaza kwa mkono. Alipampu. Povu likaja, likapungua, likawa viputo viwili vitatu, kisha ule mpira ukajaa rangi moja ya chai kutoka huku mpaka huku. Aliutoa, akarudisha bomba lilivyokuwa, akapampu tena hewa ya mwisho itoke. Ile pete kuukuu aliifunga kwenye mfuko mdogo wa plastiki.

Kapteni alirudi jioni, shati la heshima limelowa jasho mgongoni. Wenzake wasioweza kumkatalia walikuwa wamemkatalia, mmoja akiwa bado anatafuna, hata kumkaribisha hakumkaribisha. Mwingine alimshauri amuuze Shangazi kwa kilo.

"Kwa kilo," alirudia, akivua viatu. "Kama misumari."

Mkewe aliushika ule mfuko ndani ya kanga. Angeweza kumwambia pale pale. Lakini alimjua: angetoka na spana hata giza, akafungua kila kitu kuhakikisha kwamba si kweli, na Jumatatu wakakosa yote. Tena alikuwa na hofu yake mwenyewe. Je, kama kuna upenyo mwingine? Kama mikono yake haikukaza vizuri? Basi lingekaa mteremkoni usiku wa pili na wa tatu, na hakuna namna ya kujua mpaka Jumatatu. Jumapili nzima alishindwa kukaa kitako. Alifagia ua mara tatu.

*

Jumatatu, saa kumi na moja na nusu, waosha magari walikuwa wamejipanga nyuma ya basi bila kuitwa. Kapteni alipanda. Mama Kiti alikaa mahali pake, akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

Ufunguo ukazunguka. Shangazi akawaka.

Hakukohoa hata kidogo. Aliwaka kana kwamba hajawahi kuugua, na waosha magari wakashangilia na kupiga bati kwa viganja. Kapteni aliruka chini, akamkumbatia wa kwanza aliyemkuta.

"Mmeona! Niliwaambia mimi! Yule mwizi amesikia habari, amekuja usiku na kuirudisha pampu yangu! Wallahi ameirudisha!"

Walicheka wote. Mama Kiti alishuka. Shangazi alikuwa amerudi kazini, kazi ya shule ilikuwa imepona, na kama angenyamaza siku ile, maisha yangeendelea vilevile na mtu mmoja tu angebaki na jina baya. Alimsogelea mumewe, akamshika mkono, akautia ule mfuko kwenye kiganja chake.

"Huu ni nini?"

"Kilichotoka. Kilikuwa kwenye chujio, juu ya ile pete mpya." Alisema kwa sauti ya kawaida, si ya kunong'ona. "Nimetoa mimi Jumamosi. Pampu haijaguswa."

Kapteni aliitazama ile pete. Alikuwa dereva wa miaka mingi, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Kicheko kilimtoka usoni taratibu, na midomo ikabaki wazi kidogo. Waosha magari walikuwa wakimngoja aseme kitu cha kuchekesha. Alipanda, akafunga mlango wake.

Waliwachukua watoto kituo kwa kituo, wote kwa wakati, na walipofika njia panda ya shule zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili. Kulia ilikuwa shule. Kapteni alikata kushoto.

"Baba, unakwenda wapi?" Mama Kiti aliita kutoka nyuma.

"Si mbali."

"Saa moja na nusu, amesema!"

"Nimesikia alichosema."

Shangazi aliingia gereji na watoto arobaini madirishani. Benchini walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa yule mwenye gari jeupe, aliyekuja kuchukua jeki aliyoisahau. Kapteni alizima injini. Aliizima kabisa, akatoa na ufunguo, na Mama Kiti nusura apige ukelele.

Fundi alikuwa amesimama, mikono ikichuruzika oili. Kaka yake alikwenda moja kwa moja mpaka mbele yake, akainua ile pete juu ili benchi lote lione.

"Hii niliiacha mimi kwenye chujio," alisema. "Mimi, kwa mikono yangu. Pampu aliyoitengeneza huyu ni nzima. Juzi nilimwita mwizi hapa, mbele yenu. Mwizi hayupo. Yupo mjinga, na ndiye mimi."

Mtoto mmoja dirishani aliuliza mjinga ni nani, Mama Kiti akamwambia, "Kiti!"

"Nisamehe, ndugu yangu."

Fundi alifuta mikono kwenye suruali, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Macho yalikuwa yamemlowa, na hakujaribu kuyaficha. Alinyoosha mkono, akachukua si ile pete bali ufunguo. Alipanda basi, akakaa kwenye kiti cha dereva, akazungusha mara moja tu. Shangazi akawaka. Alisikiliza kidogo, kichwa upande, kama anavyosikiliza siku zote.

"Imetulia," alisema, akishuka. "Ila ile pua, kaka, usiilaze chini tena. Sasa nenda, unachelewesha watoto."

Kapteni alimpa ile pete. Fundi akaisukuma irudi kwenye kiganja cha kaka yake, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Hapana. Hiyo anabaki nayo mwenye gari."

*

Waliingia geti la shule saa moja na dakika thelathini na mbili. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama palepale, na saa yake alikuwa ameishika kabisa mkononi. Kapteni alishuka, akasimama mbele yake.

"Ni nini leo?" Mwalimu Mkuu aliuliza. "Foleni au pampu?"

"Gari ni zima, Mwalimu, na barabara ilikuwa nyeupe. Leo nimechelewa mwenyewe. Nilipita mahali kuomba msamaha."

"Na watoto wangu ndani?"

"Nao ndani."

Mwalimu Mkuu alikuwa amejiandaa kukamata uongo, na sasa mikono yake haikuwa na cha kukamata. Watoto walimpita mmoja mmoja wakimwamkia. Mama Kiti alisimama kwenye ngazi ya basi. Hatimaye Mwalimu Mkuu aliitia saa mfukoni.

"Jioni usichelewe," alisema, na akaenda zake ofisini.

Jioni hiyo watoto walipopanda, waliikuta ile pete imevishwa kwenye shina la gia, pale ambapo kila anayepanda lazima aione. Mdogo kuliko wote, wa kiti cha mbele, aliigusa kwa kidole.

"Kapteni, hii bangili ya nani?"

"Yangu," Kapteni alijibu, akazungusha ufunguo.